Injini ya Foleni

Dar es Salaam ukiumwa jino, watu watakuelekeza kwa daktari. Gari lako likiumwa injini, hakuna anayekuelekeza gereji, maana kila mtu ni gereji. Muuza mihogo wa pale kona ana maoni. Konda wa daladala ana maoni, na anayatoa huku ananing'inia mlangoni, gari linakwenda. Mpangaji wangu, ambaye kodi analipa kwa kubembelezwa na hajawahi kumiliki hata baiskeli, ana maoni marefu sana kuhusu tabochaja.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, saluni ya katikati ya miaka ya 1970. Kwa vijana wasiolijua: lilizinduliwa mwaka 1968, likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na yalipohesabiwa yote yalikuwa yamezidi milioni tatu. Ufaransa walifunga kazi ya kutengeneza saluni hii mwaka 1983. Afrika hatukupewa taarifa. Kaduna, Nigeria, waliendelea kuiunganisha mpaka 2006, na Kenya teksi za Peugeot zenye safu tatu za viti zilizidi kupakia abiria wa Nakuru wakati wenye gari lao Ulaya walishaanza kulisimulia.

La kwangu limeanza kutoa moshi wa bluu. Moshi mweusi ni petroli nyingi, moshi mweupe usiokoma ni maji yameingia pasipotakiwa, na moshi wa bluu ni oili. Maana yake ringi za pistoni zimechoka, slivu zimelika, na oili inapanda juu kwenda kuungua pamoja na petroli. Nikiwasha asubuhi mtaa mzima unajua nimeamka, na mama wa nyumba ya pili anatoka kuanua nguo. Injini ilitakiwa kufunguliwa. Hapo ndipo ugomvi wangu na binadamu wenzangu ulipoanza, kwa sababu injini ya gari la zamani ikishafunguliwa, hakuna anayeuliza itafungwa lini. Wanauliza utaweka ipi.

Wa kwanza kunidaka alikuwa fundi, kijana mwenye mikono mizuri na haraka mbaya. Hakufungua hata boneti.

"Mzee, hapa tunaweka 3L ya Hiace. Dizeli. Utasahau."

"Nitasahau nini?"

"Utasahau yote, Mzee."

Hiyo 3L ni dizeli ya Toyota ya cc 2,779, na enzi za vipanya ndiyo iliyopeleka nusu ya mji huu kazini. Sina ugomvi nayo. Tatizo ni maumbile ya Peugeot 504. Gari hili halina shafti inayozunguka waziwazi kutoka giaboksi kwenda kwenye difu. Shafti yake imefichwa ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo limefungwa kwa bolti, mbele kwenye giaboksi, nyuma kwenye difu. Injini ya Hiace inakuja na giaboksi yake, na giaboksi hiyo bomba hilo hailijui. Ukilikata, difu inabaki haina wa kuishika isigeukegeuke kila unapokanyaga mafuta.

Nikamweleza yote hayo. Alinisikiliza kwa heshima zote.

"Tutachomelea, Mzee."

"Difu?"

"Tutachomelea."

"Na injini yenyewe? Ya kwangu imelazwa ubavu, digrii 45. Hiyo yako imesimama wima. Boneti litafungaje?"

Akalitazama boneti kwa mara ya kwanza tangu aanze kunishauri. "Boneti tunatoboa, halafu tunachomelea kifuniko."

Kijana huyu ukimpelekea ndoa iliyovunjika, atakuuliza tu unataka vyuma vya unene gani.

Habari zikamfikia mpwa wangu. Yeye ni wa kizazi kinachoyajua magari kwa namba za injini, lakini tairi likipasuka kinampigia mjomba simu. Alikuja jioni, na mwendo wake tu ulionyesha amebeba jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, weka 1JZ. Ile yenye tabochaja."

Hiyo ni ya Toyota: silinda sita mstari mmoja, cc 2,491, na Wajapani waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 280. Upatikanaji, akasema, siyo tatizo: zinakuja kwenye kontena kutoka Dubai, pua nzima ya gari iliyokatwa usawa wa mlango, injini, giaboksi na nyaya zake zote ndani. Mimi ni kulipa tu. Neno "tu" katika Kiswahili cha mpwa wangu lina uzito wa mabilioni.

Sasa tufanye hesabu. Peugeot 504 ya cc 1,971 yenye kabureta ilitoka kiwandani na farasi tisini na kitu. Mpwa wangu anataka kuwazidisha karibu mara tatu katika gari ambalo breki zake, stelingi yake na dereva wake vyote ni vya miaka ya sabini. Tuseme vyote vimehimili. Hao farasi nitawapeleka wapi? Ndani ya mji ni foleni. Nje ya mji, kila penye nyumba nne na duka la soda pana kibao cha 50, na nyuma ya mwembe yupo askari na tochi ya kupima mwendo. Tochi haijali kama gari ni la zamani au mwenyewe ni mstaafu.

"Siyo lazima uwatumie, mjomba. Unakuwa nao tu."

Nikae nao! Farasi wa kufuga, wanaokula petroli, mjini, mimi nisiye hata na kuku.

Tena kuna suala la karatasi. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na ujazo wake. Ukibadilisha injini, unabadilisha na kumbukumbu. Mpwa wangu hajawahi kusimama kwenye dirisha la ofisi yoyote, jasho linamtoka, akimweleza mtu anayetafuna karanga kwa nini Peugeot yake ina moyo wa Toyota.

Wa tatu ndiye mbaya zaidi, kwa sababu wa tatu anajua. Jirani yangu huyu ni mstaafu, na dini yake ya pili ni Safari Rally, mbio zile zilizoanza 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kutaja Toyota mbele yake karibu na gari langu ni matusi. Anataka ibaki injini ileile ya Peugeot, ila ijengwe ya mashindano: kamshafti kali, Weber mbili za milimita 45 badala ya kabureta moja, uso wa silinda hedi ukwanguliwe ili mgandamizo upande, na ekzosi iwe wazi. "Jirani," akaniambia, macho yanameta, "utakuwa unabadilisha gia kwenye mizunguko 7,000."

Nani? Mimi? Tabata?

Niwaeleze wasomaji kamshafti kali ni kitu gani, maana watu wanaitaja na hawaijui. Kamshafti ndiyo inayoamua valvu zifunguke lini na zikae wazi muda gani. Ya kawaida inazifungua kwa kiasi. Ile kali inaziacha wazi muda mrefu, na kuna kipindi valvu ya kuingiza na ya kutoa zinakuwa wazi kwa pamoja, ili injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 ipate pumzi ya kutosha. Lakini kwenye mizunguko 800, umesimama pale Tazara nyuma ya lori la kokoto, mchanganyiko wa hewa na petroli hauna haraka hiyo. Unarudi ulikotoka. Moshi uliokwisha kuungua unaingiliana na petroli mbichi, injini inatetemeka, plagi zinajaa masizi, na ukiachia klachi bila kukanyaga mafuta, inazima. Honi za nyuma zinakueleza mama yako alivyokuzaa. Kwa maneno mengine unanunua nguvu nyingi mahali usipofika, na unalipia kwa kupunguza nguvu mahali unapoishi.

Na mgandamizo ukishapanda unadai petroli nzuri, vinginevyo injini inagonga. Mimi petroli naipima kwa kuangalia mfuko, siyo oktani.

"Jirani," nikamuuliza, "Safari ya 1975 alishinda nani?"

"Ove Andersson," akanijibu kabla sijafunga mdomo. "Na 504!"

"Wa pili na wa tatu?"

Hapo akapunguza mwendo. Wa pili alikuwa Sandro Munari, wa tatu Björn Waldegård, na wote wawili waliendesha Lancia Stratos. Stratos ilizaliwa kwa ajili ya mbio, na mgongoni ilibeba V6 ya Ferrari. Iliyoitangulia mwisho wa safari ni saluni ambayo ndugu zake walikuwa wakipeleka watoto shule. Ya Andersson ilikuwa imeandaliwa, sikatai, na ilipitia mikono ya kiwanda. Lakini matope, mashimo na vumbi la Afrika Mashariki havisomi karatasi ya nguvu za farasi. Vinauliza nani bado anatembea.

"Na 1978?" jirani akafufuka. "Jean-Pierre Nicolas! 504 Coupé! V6!"

Kweli. Ile ya lita 2.7 ambayo Peugeot, Renault na Volvo waliiunda kwa ushirika. Makampuni matatu yalichangishana ili kuijenga, na kazi ya kuinywesha jirani anataka niifanye peke yangu.

"Mafuta ni gharama ya heshima," akasema.

Basi atangulie yeye kuheshimika.

Wa nne hakutaka niongeze kitu, alitaka nisiguse kitu. Huyu ni mzee mwenzangu, mpenzi wa magari ya kale, na kwake kubadilisha bolti ya Kifaransa kwa ya Kichina ni dhambi inayohitaji toba. Kwanza akaililia petroli. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, akasema, ndiyo iliyokuwa ikizilinda valvu, na tangu nchi zetu zilipoiondoa mwanzoni mwa 2006 injini hazina raha. Nikamkumbusha kwamba risasi iliondolewa kwa sababu inaharibu ubongo, hasa wa watoto. Mimi na yeye tuliuvuta moshi ule kwa miaka mingi, na nadhani mazungumzo yetu ni ushahidi tosha.

Halafu akasikia nataka kufunga feni ya umeme. Nusura azirai. Lazima nimpe haki yake hapa, kwa sababu feni ya 504 ni kazi ya akili: inaendeshwa na mkanda wa injini, lakini haizunguki mpaka maji yapate moto, hapo sumaku ya umeme inaikamata na kuizungusha, maji yakipoa inaiachia. Miaka hiyo! Tatizo ni kwamba ya kwangu, fundi fulani wa enzi fulani alishaifunga kwa bolti izunguke muda wote, nadhani baada ya kukosa waya. Na hata ingekuwa nzima, feni ya mkanda inafuata mwendo wa injini. Gari likiwa limesimama kwenye foleni, injini inanguruma polepole, feni nayo inapunga polepole, na wakati huohuo ndipo rejeta haipati upepo wowote wa barabarani. Feni ya umeme haiulizi injini inazungukaje. Maji yakipata moto inakwenda kwa nguvu zake zote.

"Lakini siyo orijino," akasema.

Foleni ya Mandela nayo siyo orijino. Wafaransa hawakuiweka kwenye hesabu.

Wote hawa, kuanzia konda hadi mzee mwenzangu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu ambacho hata bodaboda anakuuliza kabla hujapanda: unakwenda wapi? Wangeniuliza ningewajibu. Siku za kazi nakwenda Tabata hadi Kariakoo na kurudi, gia ya kwanza na ya pili, jua la utosini. Nikitoka mjini naandamana na vibao vya 50. Na mwisho wa mwaka nakwenda kwetu Iringa, ambako lazima upande Kitonga, nyuma ya malori ya Tunduma yanayopanda kwa kunung'unika, huku ndani una shangazi, magunia na sufuria ambazo hakuna anayejua zinarudi za nani.

Kwa hiyo injini yangu inadaiwa mambo matatu. Isichemshe ikisimama. Isidai mwendo wa kunipeleka mahakamani. Na ivute tangu chini, bila kusubiri mizunguko ipande, maana pale Kitonga ukishapoteza mwendo nyuma ya lori hakuna wa kukurudishia. Ongeza na hili: kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabochaja hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka pwani hadi Iringa mjini unapanda kama mita 1,500. Kwa hiyo kabla hata hujahesabu shangazi, farasi kadhaa wameshabaki Morogoro.

Sasa angalia ile injini ya cc 1,971 niliyokuwa nayo tangu mwanzo. Nguvu yake kubwa ya kuvuta inapatikana kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Huko ndiko ninakoishi. Wahandisi wa kule Sochaux waliijenga kwa ajili ya mtu mwenye familia, mizigo na barabara mbovu, wala hawakunijua. Mimi nina watu wanaonijua, wamekula kwangu pilau, na wananipimia injini ya mtu wa Monza.

Nikampelekea injini mzee mmoja wa mashine pale Gerezani. Nilimpenda kwa jambo moja. Nilipomuuliza maoni yake, alijibu, "Maoni sina. Nina mikromita."

Uzuri wa 504 ni kwamba bloku lake halichongwi kupanuliwa silinda. Slivu zimekaa ndani ya bloku kama chupa za soda kwenye kreti, maji yanazizunguka. Zikilika unazitoa, unaweka mpya pamoja na pistoni na ringi zake, na injini inarudi ujana. Lakini kuna masharti. Kila slivu lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na zote nne zilingane, la sivyo gasketi ya silinda hedi haibani sawasawa na maji yanakutana na oili. Kijana wa kuchomelea angepaka silikoni na kuniambia nitasahau. Mzee alipima, akatoa, akabadilisha mpira wa chini, akapima tena, akanywa kahawa, akapima. Krenki ikasagwa kidogo na kuwekewa metali za saizi yake. Uso wa hedi ukasawazishwa tu, haukuliwa. Kamshafti ikabaki ya kiwandani. Kabureta ikabaki moja, ila imeoshwa mpaka ikakumbuka kazi yake. Rejeta ikafunguliwa na mirija ikazibuliwa, na kwa fedha iliyobaki, ambayo kwenye bajeti ya mpwa wangu ingenunua bomba moja la tabochaja, nikafunga ile feni ya umeme.

Nilipolirudisha gari nyumbani, halmashauri nzima ya washauri ilikuwa imesimama nje. Nikawasha. Hakukuwa na moshi. Hakukuwa na kelele. Nadhani hilo ndilo lililowaudhi.

"Mjomba, sasa lina farasi wangapi?"

"Tisini na kitu."

"Mwanzo lilikuwa na wangapi?"

"Tisini na kitu."

Mpwa wangu akaniambia pole. Fundi kijana akachungulia chini ya gari akitafuta palipochomelewa, hakupaona, akaondoka na huzuni. Jirani akaomba nikanyage mafuta kidogo asikie sauti, akasikia, akasema inafaa kwa misa ya asubuhi. Mzee mwenzangu aliitazama feni, hakusema kitu mpaka leo.

Lakini adhabu ya kweli ya kuwa na gari zima nilikuwa siijui. Zamani likitoa moshi, nilikuwa na udhuru wa kila kitu. Sasa limeingia kwenye ratiba za kamati za harusi. Kumbe maharusi wa siku hizi hawataki tena magari mapya. Wanataka la zamani, la kupiga nalo picha. Na mwendo wa msafara wa harusi, kwa yeyote aliyewahi kuendesha, ni mtihani kuliko foleni yoyote: mbele kuna pikapu ya matarumbeta, mtu wa kamera amekaa kinyumenyume, na wote mnakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea akitafuta anwani. Jumamosi mchana. Joto la mwezi wa pili.

Harusi ya juzi mpwa wangu alileta rafiki yake mwenye Mark II iliyowekewa hiyo 1JZ, iwe gari la wasimamizi. Ilinguruma vizuri sana kutoka kanisani. Kabla hatujafika ukumbini ilikuwa pembeni ya barabara, boneti wazi, mvuke unapanda, na wasimamizi na suti zao wamesimama kivulini wakisubiri maji. Peugeot yangu ikawapita polepole, feni inafanya kazi, bibi harusi anapunga mkono. Ikabidi nirudi kuwachukua na wao.

Usiku, baada ya keki, nikamfuata mwenyekiti wa kamati nikamweleza, kwa adabu, suala la petroli.

"Mzee wetu," akasema, akanishika bega, "petroli tumeshaiandika. Ndiyo mchango wako."